Lupusi na poliartriti mu Cimpunda: mugonjwa analala, nani anateka maji?

Mu Cimpunda, kartie ya komine ya Kadutu mu muji wa Bukavu, kuna wanawake wenye kuamuka asubui wakiwa wamechoka kuliko vile walilala. Vidole vimevimba na havikunjiki. Magoti yanauma. Kushika kikombe cha chai ni kazi, kufunga kitambaa ku kichwa ni kazi ingine. Halafu kufika saa tano ao saa sita ya muchana, mwili unalegea kidogo, mama anatoka inje, anatembea, anasalimia watu. Na majirani wanasema: "Si munaona? Asubui alikuwa anajifanya tu, juu asiende kuteka maji."

Hajifanyi. Kuamuka vibaya namna hiyo na kupata nafuu muchana ni alama moja yenye wanganga wanajua vizuri, na iko na sababu ndani ya damu. Inaonekana sana kwa watu wenye poliartriti, na kwa wengi wenye lupusi. Ni magonjwa ya muda murefu, yenye kinga ya mwili inakosea adui. Kwa kawaida kinga iko sawa askari: inapiga mikrobe, halafu inarudia mu kambi. Kwa wagonjwa hawa inageukia mwili wenyewe, inapiga viungo, ngozi, figo, wakati ingine moyo ao mapafu. Watu wa Kivu hawahitaji mufano murefu juu ya askari mwenye kugeukia wale alipaswa kulinda.

Lupusi inashika zaidi wanawake: mu wagonjwa kumi, karibu kenda ni wanawake, na wengi inawaanza kati ya miaka 15 na 45, ni kusema wakati wa kusoma, kuzaa na kuchuruza. Poliartriti nayo inakamata wanawake mara mbili ao tatu kuliko wanaume. Kuna zingine za jamaa hiyo. Diyabeti ya aina ya 1 inaanza sana kwa watoto na vijana. Ugonjwa wa Basedow unaharibu tiroidi, ile tezi ya shingo: moyo unakimbia, jasho inatoka, na usingizi unapotea kabisa. Mu Kivu shingo ya kuvimba inajulikana tangu zamani, zaidi ku kisanga cha Idjwi ambako ukosefu wa iyode ulichunguzwa sana. Lakini Basedow ni kitu ingine, haiponi kwa chumvi ya iyode. Hata moja ya magonjwa haya haiambukizi. Mutu anaweza kulala kitanda kimoja na mugonjwa miaka makumi mbili na asipate kitu.

Lakini mbele munganga apate jina la ugonjwa, familia inakuwa tayari imeshapata lake. Wamoja wanasema ni bulozi. Wengine wanasema amekula sumu, ile wanaita karuho, na wanamupeleka kwa mutu wa kumutapisha. Miezi inapita. Na wenye hawaamini uchawi wala sumu wanasema kitu kimoja chenye kuuma zaidi: ni muvivu.

Sababu asubui inakuwa mubaya

Bukavu iko karibu na mustari wa ekweta, jua linatoka karibu saa kumi na mbili na linalala karibu saa kumi na mbili, mwaka muzima. Mwili wa mutu unafuata saa hiyo. Kuna maji fulani yenye mwili unatengeneza, jina lake kortizoli, ambayo kazi yake moja ni kutuliza uvimbe na moto wa ndani. Kortizoli inashuka chini kabisa karibu ya katikati ya usiku, halafu inaanza kupanda mbele ya mutu kuamuka. Wakati iko chini, askari wa kinga wanapata uhuru: wanatumiana ujumbe, zile kemia zenye wanasayansi wanaita sitokini, na uvimbe unapanda mu viungo. Kwa mutu muzima hiyo haisumbue. Kwa mwenye poliartriti, kufika saa kumi ya usiku viungo vinakuwa vimejaa, na akiamuka mikono iko sawa mbao. Inamuomba saa moja, saa mbili, siku zingine zaidi, mbele vidole vikubali.

Kwa hiyo mama mwenye kushindwa kubeba bidon saa kumi na moja ya asubui, lakini anaweza kuibeba saa sita ya muchana, hasemi uongo. Ni mutu yule yule, lakini mu damu yake saa hizo mbili hazifanane.

Mambo yanageuka mubaya zaidi hapa: kukosa usingizi kunaongeza ugonjwa, na ugonjwa unafukuza usingizi. Mu 2012, watafiti wa chuo kikuu cha California mu Los Angeles walichapisha jaribio walifanya na watu 27 wenye poliartriti na wengine 27 wazima. Waliwanyima sehemu ya usingizi usiku mumoja tu. Kesho yake, wenye poliartriti walikuwa na maumivu zaidi, uchovu zaidi, huzuni zaidi, na hesabu ya viungo vyenye kuuma iliongezeka. Usiku mumoja! Mu 2015 watafiti wengine wa Marekani waliwatia watu wazima 164 mikrobe ya mafua ku pua kwa kusudi, nyuma ya kupima usingizi wao juma moja. Wenye kulala chini ya saa sita walipata mafua zaidi ya mara ine kuliko wenye kulala zaidi ya saa saba. Kama kinga ya mutu muzima inavurugika namna hiyo, ile yenye ilikuwa imeshavurugika inakuwa je?

Wataalamu wa usingizi wanasema mutu mukubwa alale saa saba ao zaidi kila usiku. Wagonjwa wengi wa lupusi wanahitaji kupita hapo. Na hata wakilala saa kenda, uchovu unaweza kubakia. Uchovu wa lupusi si ule wa mutu aliyelima shamba na akilala unaisha. Ni ule wa mutu mwenye malaria, lakini malaria yenye haiishe.

Kidonge cha asubui kisimezwe mangaribi

Hapa kuna jambo moja dogo lenye lingeweza kurudishia watu wengi usingizi wao, na halilipishwe hata faranga.

Dawa yenye wagonjwa wengi wanapewa ni prednizoni ao prednizoloni. Ni ndugu ya kortizoli, imetengenezwa mu kiwanda. Dawa ya jamaa hiyo ilitolewa mara ya kwanza mu 1948 mu Marekani, kwa mwanamuke mwenye poliartriti aliyekuwa karibu kushindwa kutembea. Nyuma ya siku chache alikuwa anatembea, na mu 1950 wenye waliivumbua walipewa Tuzo ya Nobel. Ni dawa ya nguvu. Lakini kwa sababu inafanya kazi ya kortizoli, inaambia mwili kwamba asubui imefika. Mutu akiimeza nyuma ya chakula cha mangaribi, anakaa macho wazi mpaka saa nane ya usiku, moyo unapiga, mawazo yanazunguka, njaa inamushika.

Kwa hiyo kidonge cha prednizoni, kama ni kimoja kwa siku, kinamezwa asubui pamoja na chakula, kama munganga hakusema namna ingine. Kama karatasi inasema mara mbili, mugonjwa amuulize munganga kama ile ya pili inaweza kumezwa muchana badala ya mangaribi. Asijigeuzie mwenyewe, na zaidi asiache dawa kwa mara moja. Mwili wenye ulikuwa unapata prednizoni kwa majuma mengi umesahau kutengeneza kortizoli yake, na kuacha gafula kunaweza kuangusha mutu mpaka kufa. Kuna vidonge vingine vyenye vilitengenezwa vimezwe wakati wa kulala na vijifungue karibu saa nane ya usiku, sawasawa mbele ya uvimbe kupanda. Hivyo ni vya namna yake. Mutu asichukue prednizoni ya kawaida usiku akifikiri ni vile vile.

Na jambo ingine. Vidonge vya jamaa hii vinauzwa mu farmasi ndogo bila karatasi ya munganga, na kuna wenye kuvimeza juu wanenepe, uso ujae. Mugonjwa wa lupusi mwenye uso umejaa anaambiwa "unapendeza sasa". Yeye anajua bei alilipa. Kilo zenye zinaongezeka zinaweza kuleta kukoroma na kukatika pumzi mu usingizi, na mutu anaamuka na kichwa kuuma, kinywa kikavu, sawa hakulala. Mwenye kulala kando yake ndiye anaweza kusema kama usiku pumzi inasimama. Ni habari ya kupeleka kwa munganga.

Dawa ya pili, idroksiklorokini, iko na hadisi yenye inagusa Bukavu. Ni binamu ya klorokini, ile Nivaquine yenye wazazi walikuwa wanameza kwa malaria, na zote zilitengenezwa kwa kufuata kinini, yenye inatoka mu ganda la muti wa kinkina. Milima ya Kivu ya Kusini iko na mashamba ya kinkina tangu wakati wa ukoloni, na Pharmakina, kiwanda cha hapa hapa Bukavu, inatoa kinini mu maganda hayo. Wanganga wa Ulaya walijaribu kinini kwa ngozi ya wagonjwa wa lupusi tangu mwisho wa miaka ya 1800. Leo ni idroksiklorokini ndiyo inatumiwa: inatuliza ugonjwa polepole, majuma mengi ao miezi mbele mutu aone tofauti, na macho yanapimwa mara kwa mara. Si sababu ya kuchemusha ganda la kinkina nyumbani. Kinini nyingi inapigisha masikio kelele, inashusha sukari, inasumbua moyo.

Usiku wa Cimpunda

Vitabu vya afya vinasema: lala chumba chenye giza, kimya, peke yako, saa ile ile kila siku. Aliyeandika hajawahi kupanga nyumba Cimpunda.

Nyumba zimebanana ku mulima, ukuta wa mbao ao wa mabati, na kikohozi cha jirani kinasikika sawa kiko ku kitanda. Mu sehemu nyingi za Kadutu robine inakauka muchana; kama maji ya Regideso yanakuja, yanakuja usiku, na mwenye kusikia wa kwanza anaamusha wengine. Umeme wa SNEL nao unarudi wakati unataka: saa saba ya usiku taa inawaka, redio inaanza kulia, mutu anakimbilia kupiga pasi na kuchaji telefone. Kuna buvette yenye haifunge. Kuna kanisa lenye kukesha. Mu wakati wa mvua, kuanzia Septemba mpaka Mei, mabati yanalia na watu wanakaa macho juu ya udongo wenye kuteremuka. Hiyo si woga wa bure, mulima unajulikana. Na tangu Februari 2025, wakati AFC/M23 iliingia mu muji, kuna usiku wenye kila mulio unasikilizwa mara mbili: ni mulango ao ni risasi? Mutu mwenye mwili unasikiliza hivyo hashuke mu usingizi wa chini, ule wenye kutengeneza.

Mugonjwa hawezi kugeuza yote hayo. Kuna jambo moja linaweza kugeuka: nani anakaa macho kwa ajili ya nyumba.

Kuna utafiti wenye unasaidia kuelewa. Wahadza wa Tanzania, wenye kuishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na ziwa Eyasi, walivalishwa saa za kupima usingizi, watu wakubwa 33, siku 20. Mu siku hizo zote, wakati wenye wote 33 walikuwa wamelala pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Daima kulikuwa mutu macho: muzee, mama mwenye kunyonyesha, kijana mwenye kuchelewa kulala. Watafiti wanafikiri ni namna ya zamani ya kulinda kambi. Mumoja anasikiliza, wengine wanalala kabisa.

Mu nyumba nyingi za Bukavu, mwenye kusikiliza ni mama. Anasikia maji, anasikia mutoto, anasikia mulango, na saa kumi na moja ndiye anawasha mbabula. Kama mama huyo ako na lupusi, familia imeweka mulinzi mwenye kuumwa. Kugawanya kazi hiyo ni matibabu. Baba anaweza kusikiliza maji. Kijana wa miaka 16 anaweza kuteka. Mama mukwe, mwenye mara nyingi analala kidogo kwa sababu ya umri na anaamuka mapema bila kuamushwa, anaweza kuwasha moto na kupasha maji, na muka-mwana akaamuka saa moja na nusu akipata beseni ya maji ya moto ya kutia mikono. Dakika kumi mu maji hayo, vidole vinaanza kufunguka.

Ni kusema kuna mazungumzo yenye inabidi yafanyike, na si rahisi. Muka-mwana hawezi kumuambia mama ya bwana yake, "Mama, uteke maji, mimi ninalala." Hiyo maneno haitoke kinywani mwake, inatoka kwa bwana, ao kwa wifi mwenye kumupenda, na inatoka vizuri zaidi kama bwana alimusindikiza bibi yake kwa munganga na akasikia kwa masikio yake. Hospitali Kuu ya Rufaa ya muji na ile ya Panzi ziko na wanganga wa magonjwa ya ndani. Pahali pa kutuma mugonjwa peke yake na karatasi, bwana aende naye hata mara moja. Maneno ya munganga mbele ya bwana yanafanya kazi yenye vidonge haviwezi.

Vitu vingine ni vidogo. Mugonjwa alale mbali na mulango, upande wa ukuta, chini ya chandarua chake. Malaria juu ya lupusi ni mbaya mara mbili, na homa inachanganya hata wanganga. Pamba mu masikio inapunguza kelele. Kitambaa cheusi ku macho kinasaidia wakati taa ya SNEL inarudi. Mutu mwenye magoti kuuma aweke nguo zilizokunjwa kati ya magoti akilala ubavu. Kahawa ya Kivu ni tamu lakini ile ya saa kumi ya muchana ingali mu damu saa nne ya usiku. Kasiksi inalaza mutu haraka na inamuamusha saa nane. Vidonge vya usingizi, zile diazepam zenye zinauzwa moja moja, vinazoeleka upesi, na mutu mwenye viungo vigumu akiamuka amelewa usingizi anaanguka ku ngazi za udongo.

Bukavu iko karibu ya mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi inaingia mu mifupa. Watu wanaingiza mbabula mu chumba. Hapana. Makala yenye kuwaka mu chumba kilichofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mwenye kuvuta hiyo hewa analala na haamuke. Blanketi ya pili, soksi, chupa ya maji ya moto imefungwa mu kitambaa, inatosha. Na Kadutu imeshaona nyumba za kutosha zikiungua.

Bidon za siku

Mu 2003 mwanamuke wa Marekani mwenye lupusi, Christine Miserandino, aliandika namna alieleza ugonjwa wake kwa rafiki: alimupa vijiko mu mukono, akasema kila kazi ya siku inaondoa kijiko kimoja, na vikiisha vimeisha. Mu Cimpunda vijiko havitasema kitu sana, lakini bidon zitasema. Mutu muzima anaanza siku na bidon kumi za nguvu, na akimaliza anaweza kuteka ingine. Mugonjwa anaamuka na ine, siku zingine mbili, na robine haitatoka tena leo. Kufua inakula moja. Kupanda kutoka soko ya Kadutu na kichwa kimebeba inakula mbili. Kugombana na watu wa nyumba inakula moja, hiyo watu wanaisahau.

Kosa kubwa la wagonjwa wengi ni siku ya nafuu. Mutu anaamuka vizuri, anasema leo nitamaliza yote: anafua, anasugula nyumba, anaenda soko, anapitia ku kilio cha jirani. Siku tatu zenye kufuata ako chini. Mwenye kuzoea ugonjwa anafanya kinyume: siku ya nafuu anaacha bidon moja bila kugusa. Kazi ya nguvu anaitia kati ya saa ine na saa nane, wakati viungo vimefunguka, lakini ndani ao ku kivuli, sababu jua linaamusha lupusi. Mwenye kuchuruza ku soko anatafuta parasoli na kofia pana, na anauza akikaa. Muchana analala dakika makumi mbili ao makumi tatu, mbele ya saa kenda. Kupita hapo inaiba usingizi wa usiku.

Na asikae kitandani siku yote. Inashangaza watu, lakini majaribio mengi yameonyesha kwamba kutembea kidogo kila siku kunapunguza uchovu wa poliartriti na wa lupusi. Kutembea, si kupanda Cimpunda na mufuko wa unga.

Kilio na ibada za kukesha ni neno gumu zaidi, sababu mwenye kukosa anasemwa. Kulala chini ku kilio siku tatu ni kuita ugonjwa. Mugonjwa aende muchana, akae, alie na wenzake, arudi mbele ya giza, na mutu wa familia amubakilie. Pastere mwenye kuelezwa mapema anaweza kumuombea mwanzoni mwa kesha na kumuruhusu arudi kulala saa tatu.

Kwa wasichana wa shule, saa ni ile ile lakini mwenye kuamua ni mwalimu. Mutoto wa miaka 15 mwenye lupusi anahitaji saa nane mpaka kumi za usingizi, na asubui ni wakati wake mubaya. Karatasi ya munganga kwa prefe wa shule, yenye kuomba asipigwe ao asifukuzwe akichelewa na asisimame ku jua wakati wa bendera, inaandikwa mara moja mwanzoni mwa mwaka.

Wakati si usingizi tu

Kuna usiku mubaya wenye haumalizwe na chandarua wala pamba. Mutu mwenye lupusi akianza kuamuka mara tatu, mara ine kwenda kukojoa, miguu inavimba, ao mukojo unafanya povu yenye haiishe, figo zimeguswa pengine. Aende hospitali juma hilo hilo. Akishindwa kupumua akilala, ao kifua kinamuchoma akivuta pumzi, aende siku hiyo hiyo. Homa yote inapimwa malaria kwanza, lakini homa yenye inarudi na vipimo vya malaria ni safi haipaswi kutibiwa malaria mara ya tano. Mutoto mwenye kukojoa sana usiku, kunywa maji sana na kukonda, apimwe sukari bila kungoja kesho.

Uchovu wenye unazidi unaweza pia kuwa upungufu wa damu, na kipimo chake ni cha bei ndogo. Miguu yenye kuwasha na kukataa kutulia wakati wa kulala inakuwa mara zingine alama ya ukosefu wa chuma mu damu. Huzuni nayo inaamusha watu saa kenda ya usiku; inatibiwa, na si haya kuitaja.

Munganga mwenye wagonjwa makumi ine ku mulango hana wakati wa hadisi ndefu. Kitu chenye kinamusaidia ni kadaftari: siku kumi na ine, saa ya kulala, saa ya kuamuka, mara ngapi aliamuka na kwa sababu gani (maji, mutoto, maumivu, kukojoa, woga), mikono ilifunguka saa ngapi asubui, prednizoni ilimezwa saa ngapi. Kwa mwenye hajui kuandika, mutoto wa nyumba anaandika. Ile mistari ya "maji, maji, mutoto, maji" ndiyo bwana naye asome.